Usimwite Mvivu Anayecheza Siku Yake ya Ofu

 

Ujumbe wa leo si mtamu. Na wa kwanza kuchapwa nao ni mimi niliyeuandika.

Siku moja, nikiwa madhabahuni, nilimsema ndugu mmoja bila kumtaja jina. Mnajua vile sisi wachungaji hufanya. Jina hatutoi, lakini tunaeleza na kueleza mpaka kila mtu anageuza shingo kumtafuta. Nilisema kuna mtu Jumapili hatumuoni, anadai yuko kazini, lakini Jumatano ukipita karibu na steji utampata ameinama juu ya ubao wa drafti, anasukuma vifuniko vya soda kama mtoto. Nikauliza kanisa, "Huyu wakati wa drafti anao, wa Mungu hana?" Kanisa likacheka. Wengine wakapiga makofi.

Ndugu huyo alikuwepo. Alikuwa amebadilishana zamu na mwenzake ili apate kuja. Alikuwa safu ya nyuma, na mtoto wake amelala mapajani.

Hakurudi tena.

Nilichukua miezi mitano kumtafuta. Nyumba yake niliijua. Sikwenda kwa sababu niliamini mwenye kosa ni yeye, na mwenye kosa ndiye anayepaswa kumfuata mchungaji. Nilipoenda hatimaye, nilienda siku ya Jumatano makusudi, nimshike na ubao wake mkononi. Ndiyo, nilienda kama askari.

Nikampata kweli anacheza. Ameketi sakafuni juu ya mkeka, watoto wawili mbele yake, na ludo waliyoichora wenyewe kwa kalamu juu ya boksi la sabuni. Kete ni vifungo vya shati. Dadu ndiyo tu ya kununua. Binti yake alikuwa anakaribia kumshinda. Nilipoingia, baba akataka kuinuka kwa heshima, na mtoto akamshika mkono, akaniangalia, akasema: "Pasta, ngoja tumalize. Leo ni Jumatano."

Leo ni Jumatano. Nikaketi. Nikangoja.

Baadaye ndipo nikaelewa. Baba huyu hufanya kazi kiwandani upande wa Athi River, usiku, siku sita kwa wiki. Saa kumi na moja jioni anatoka. Asubuhi anaporudi, watoto wako shuleni. Wanaporudi, yeye anajitayarisha kuondoka. Kwa watoto hao, siku sita za wiki baba ni sauti ya kufuli mlangoni. Jumatano ndiyo siku ana uso. Asubuhi hulala kidogo, akiamka hushuka mpaka steji, anacheza drafti mbili tatu na majirani, kwa sababu kule kiwandani ana namba na hapo steji ana jina. Halafu saa tisa watoto wakitoka shule, yuko mlangoni.

Huyo ndiye niliyemwita mvivu mbele ya kanisa la Mungu.

Sasa fungua Biblia yako, Kutoka sura ya 5. Waisraeli wako Misri, wanafyatua matofali. Musa anamwendea Farao kuomba watu wapewe nafasi waende jangwani wakamfanyie Bwana sikukuu. Soma mwenyewe Farao alivyojibu. Aliwaita wavivu. Alilirudia neno hilo. Mtu anaomba siku chache atoke kwenye matofali, na mwenye matofali anamwambia ni uvivu unaomsumbua, kisha anamwongezea kazi na kumnyima majani.

Ndugu mchungaji, mzee wa kanisa, mama wa maombi: tunapomwita mvivu mtu aliyefanya kazi siku sita na kupumzika siku moja, tunazungumza lugha ya nani? Lugha hiyo haikutoka Sinai. Ilitoka kwenye kiti cha Farao.

Na watu hao walipotolewa Misri, Mungu aliwapa amri ya kupumzika, na akawaambia sababu. Soma Kumbukumbu la Torati 5:12 hadi 15. Wapumzike kwa sababu walikuwa watumwa. Mtumwa hana ofu. Kwa hiyo kila mara mtu wa Mungu anapokaa chini na kukunja miguu, bila kuomba ruhusa ya Farao yeyote, anahubiri. Anatangaza kwamba alitolewa.

Hata sheria ya Kenya inajua jambo hili. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema mwajiriwa ana haki ya angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Bunge limeona. Kanisa linasema, "Huyu anapoteza wakati."

Najua mtakaponijibu. Mtaniletea Waefeso 5:16, habari ya kuukomboa wakati. Asante, niletee. Kukomboa ni kukirudisha kitu mikononi mwa mwenyewe, kutoka kwa aliyekishikilia. Mtu aliyeuza usiku sita kwa mshahara, akairudisha Jumatano moja na kuiweka mapajani mwa mtoto wake, huyo ameukomboa wakati kuliko mimi niliyekuwa na vikao vinne siku hiyo.

Tena hebu tuseme ukweli wote. Mshirika wetu mwenye nafasi akienda kucheza gofu Jumamosi, tunasema mzee anapumzisha akili. Tunamwombea hata safari njema. Fundi wa mjengo akiinama juu ya drafti kando ya barabara ya Namanga, tunasema hana maono. Mchezo ni mchezo. Tofauti ni bei ya viatu. Yakobo sura ya 2 ilishatuonya kuhusu kumpa kiti kizuri mwenye pete ya dhahabu, na sisi tumeendelea, tumempa hata ruhusa ya kucheza.

Kuna siku nilikuwa Kajiado mjini kumwona mshirika mgonjwa. Tulipomaliza, tukapita bomani kwa babu yake, nje ya mji ukielekea Bissil. Chini ya mti wazee wawili walikuwa wanacheza enkeshui, ule mchezo wa bao wa Wamaasai, safu mbili za mashimo na kete ndogo za mawe. Mwinjilisti kijana niliyekuwa naye akawasogelea, akawaambia wakati umekwisha, Bwana yu karibu, na wao wanacheza. Mzee mmoja hakuinua kichwa. Akasema: "Kijana, ng'ombe wameshakunywa maji. Keti."

Tulicheka njiani, lakini neno hilo halikuniacha. Ninyi mlio Kajiado mnakumbuka mwaka wa 2022. Mnakumbuka mizoga ya ng'ombe kando ya barabara, na wanaume wakitembea na mifugo mpaka miguu inavimba wakitafuta nyasi. Mwaka huo nani alikuwa na moyo wa kucheza bao? Mtu hucheza ng'ombe wakiwa wamekunywa maji. Ukiona mzee anacheza chini ya mti, unaona mvua iliyonyesha. Unaona maombi yaliyojibiwa.

Si maneno yangu tu. Nenda Zekaria 8, mstari wa 4 na wa 5. Mungu anaahidi kurudi Sayuni, na anaeleza mji utakavyokuwa akirudi. Anaonyesha wazee wameketi na fimbo zao kwa sababu ya umri, na njia za mji zimejaa wavulana na wasichana wanaocheza. Wazee wameketi, watoto wanacheza. Hiyo ndiyo picha ya uamsho katika Zekaria. Nasi tukiona picha hiyo hapa Kitengela, tunatangaza mfungo wa kuiondoa.

Sasa naona wewe mchezaji umeanza kusema amina kwa sauti. Umeinua mikono. Unataka kumtumia mke wako ujumbe huu. Ngoja. Kaa hapo hapo. Hatujamaliza.

Nimesema mchezo wa siku ya mapumziko si dhambi. Sikusema kila anayecheza anapumzika. Nina maswali matatu kwako, na yote yanahusu meza unayochezea, iwe ni meza ya drafti, pedi ya PlayStation au simu iliyo mkononi.

Swali la kwanza: kuna nini juu ya meza?

Kama ni kete peke yake, cheza. Kama kuna pesa, hiyo ni meza nyingine. Najua inavyoanza kule kwenye vibanda vya gemu. Mnacheza soka, ile mnaiita FIFA mpaka leo ingawa tangu 2023 imebadilishwa jina. Mnakubaliana anayeshindwa analipia gemu. Ni shilingi chache, ni utani wa vijana. Halafu mtu anasema tuongeze kidogo ili mchezo uwe na utamu. Halafu unagundua utamu wote ulikuwa katika hicho kidogo. Mwezi wa tatu hamchezi tena, mnatazama. Mnatazama kindege kikipaa kwenye simu na kubonyeza kabla hakijapotea na pesa ya kodi.

Wapendwa, kamari imejifunza kuvaa nguo za mchezo. Ina rangi kama mchezo, ina muziki kama mchezo, inakupongeza kama mchezo. Hali ilifika mahali ambapo mnamo Aprili 2025 bodi ya serikali inayosimamia kamari ilisimamisha matangazo yote ya kamari nchini kwa siku 30. Serikali, inayokusanya ushuru kutoka kamari hiyo hiyo, ilisema ngojeni kwanza. Na wewe uliyejazwa Roho bado unaniambia, "Pasta, naicheza tu kwa burudani."

Angalia Yohana 19, mstari wa 23 na 24. Chini ya msalaba askari wanagawana mavazi ya Yesu, na kwa ile kanzu isiyo na mshono wanapiga kura. Fikiria walivyokuwa karibu. Damu ya wokovu wa dunia inadondoka hatua chache kutoka walipoketi, na macho yao yako chini, kila mmoja anangoja kuona kama ameshinda nguo. Kamari inaweza kukuweka karibu namna hiyo na msalaba na usiuone. Kiti chako kinaweza kuwa kanisani, simu ikawa chini ya Biblia. Nimeona. Wewe unajijua.

Swali la pili: nani yuko kwenye meza?

Wiki jana dada mmoja aliniandikia. Akasema, "Pasta, mume wangu siku ya ofu yuko nyumbani, lakini hayuko." Anaamka, anachukua simu, anaweka vifaa masikioni, anajifungia chumbani na gemu mpaka jioni. Chakula anapelekewa. Mtoto akigonga, anaambiwa baba amechoka. Dada akauliza: "Kama angekuwa kwa mwanamke mwingine, ningejua nipigane na nani. Sasa nitapigana na simu?"

Ndugu, huyo si adui yako, ni mke wako, na ana haki. Yule wa Jumatano aliyekuwa sakafuni na boksi la sabuni, na wewe uliye nyuma ya mlango, nyote mnacheza. Mmoja anarudi kwa watu wake. Mwingine anaondoka bila kuvaa viatu.

Ukitaka gemu ya PlayStation, sina neno. Mpe mtoto pedi ya pili. Acha akufunge mabao matano na akucheke, ukae ukijua kwamba akifika miaka 30 atawasimulia watoto wake bao la tano. Ukitaka Monopoly, ichezeni. Mchezo huo una mizizi katika ule ambao mwanamke Mmarekani, Elizabeth Magie, alipewa hati yake mwaka 1904, akitaka watu waone jinsi wachache wakimiliki ardhi yote wapangaji wanavyofilisika. Hapa Kitengela, mji wa ploti na kodi, mtoto wa miaka tisa ataelewa somo hilo haraka kuliko mwanafunzi wa chuo. Mchezo unaweza kufungua mazungumzo ambayo mahubiri yangu hayajawahi kuyafungua nyumbani kwako. Lakini lazima mtu mwingine awe mezani.

Tena nikiwa hapo kwenye swali la nani. Nani amesimama ili wewe uketi? Hapa naomba wanaume wasome polepole. Ukicheza ludo mchana kutwa na watoto, huku mke wako, ambaye naye ametoka kazini, anafua na kupika peke yake, ofu yako imelipiwa na mgongo wake. Na wewe mama uliye na dada wa kazi: amri ya Sabato inamtaja mtumishi wako wa kike waziwazi. Ile Kumbukumbu 5 niliyokuambia usome inasema apumzike kama wewe. Ni lini mara ya mwisho msichana huyo aliketi kwenye mkeka na kurusha dadu, akashinda, akacheka kwa sauti ndani ya nyumba yako? Kama hujui kicheko chake kinafanana na nini, basi nyumbani kwako kuna Misri ndogo, hata kama ukutani umeandika kwamba wewe na nyumba yako mtamtumikia Bwana.

Na sisi viongozi tusijifiche. Ni nani anayemwita mshirika kila siku ya ofu? Leo usafi wa kanisa, kesho kamati ya harusi, kesho kutwa mkutano wa kupanga mkutano. Kijana ana siku moja, nasi tumeiwekea ratiba. Halafu tunashangaa ndoa changa zinavunjika kanisani. Yesu aliwaona wanafunzi wake wamechoka, watu wengi wakija na kwenda hata nafasi ya kula hawana, akawaita kando wapumzike. Iko Marko 6:31. Yeye aliyekuwa na ulimwengu wa kuokoa kwa miaka michache tu aliwaita wapumzike. Sisi wenye kamati tumekataa.

Swali la tatu: unaweza kuinuka mezani?

Hili ndilo gumu. Wazee wa enkeshui waliinuka ng'ombe waliporudi. Ndugu wa ludo aliinuka saa ya chakula na kukunja boksi lake. Je, wewe?

Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilipitisha orodha mpya ya magonjwa, ambayo imeanza kutumika Januari 2022, na ndani yake umo ugonjwa wa kutawaliwa na gemu. Hawakusema kila anayecheza ni mgonjwa, na mimi sisemi. Walitaja alama. Mtu anashindwa kujizuia. Gemu inatangulia mambo mengine yote ya maisha yake. Na hata akiona madhara, kazi inapotea, ndoa inayumba, anaendelea tu. Kwa kawaida hali hiyo huangaliwa kwa muda wa miezi 12 au zaidi kabla ya daktari kuipa jina.

Paulo aliweka alama hiyo hiyo kwa Wakorintho. Soma 1 Wakorintho 6:12. Vitu vinaweza kuwa halali kwake, lakini hakubali kitu kimoja kiwe bwana juu yake. Sasa jipime. Ukiambiwa weka pedi chini saa hii, mkono unatii? Umewahi kuingia kazini asubuhi na macho mekundu, ukiwa umechoka kuliko ulivyoondoka kabla ya ofu? Hayo si mapumziko. Umebadilisha Farao tu. Wa kwanza alikuwa na matofali, huyu wa pili ana skrini, na huyu wa pili hana hata siku ya kulipa.

Kama hapo umejiona, usikimbie. Usingoje nikutaje kwa mafumbo madhabahuni, maana hilo nimelitubia. Njoo tuzungumze. Na kama mzigo ni mkubwa kuliko maombi na ushauri wangu, nitakusindikiza mpaka kwa daktari, na tutaendelea kuomba tukiwa njiani. Mungu aliyemponya Eliya wa 1 Wafalme 19 alianza na usingizi, na mkate, na maji. Mahubiri yalikuja baadaye.

Sasa ninyi mnaohukumu, na ninyi mnaohukumiwa, sikilizeni tutakavyofanya.

Kitengela imekua. Sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya 150,000 katika mji huu, na tangu hapo kila ploti imepandwa ghorofa. Wengi wetu tulikuja kufuata kazi. Hatuna shangazi jirani, hatuna mjomba wa kupitia jioni. Mtu anaweza kukaa mwaka mzima kwenye ploti moja na asijue jina la anayeishi mlango wa pili. Halafu akipata kundi la watu wanne karibu na steji wanaomwita kwa jina na kumngojea arudishe pigo lake la drafti, sisi tunamwambia atoke huko aje kanisani, ambako anakaa safu ya nyuma na hakuna anayemjua.

Kwa hiyo kuanzia wiki ijayo, ukumbi wa kanisa utakuwa wazi kila Jumatano, saa nane mchana mpaka saa kumi na mbili jioni. Kutakuwa na mbao za drafti, ludo, karata za watoto, na kijana mmoja amejitolea kuleta PlayStation yake na pedi nne. Masharti ni yale maswali matatu. Hakuna pesa juu ya meza, hata ya soda. Hakuna kucheza peke yako. Na saa kumi na mbili tunazima, tunaomba dakika tano, tunaenda nyumbani. Sitahubiri. Narudia ili mniamini: sitahubiri. Nitakuja kucheza, na drafti siijui, kwa hiyo nitashindwa mbele ya washirika wangu. Itanifaa.

Najua kuna watakaosema kanisa limegeuka kuwa kibanda cha gemu. Nawaheshimu, wengine wenu ni wazee wangu katika imani na mmeniombea tangu nikiwa kijana. Lakini nawauliza kwa upole: watoto wetu wanacheza tayari. Wanacheza katika vibanda vya giza ambako hatujui nani ameketi karibu nao wala nini kiko juu ya meza. Swali si kama watacheza. Swali ni kama tutakuwepo.

Mwisho. Yule ndugu bado hajarudi kanisani. Sitaki mfikiri hadithi hii imekwisha vizuri. Nilimwomba msamaha siku ile kwenye mkeka, mbele ya mke wake na watoto, na akasema amenisamehe, na namwamini. Lakini kusamehewa ni jambo moja, na mtu kuweza kuketi tena mahali alipochekwa ni jambo lingine. Nilichomsema mbele ya watu wengi nilikiombea msamaha mbele ya watu watatu. Hesabu hiyo haikuwa sawa. Ndiyo maana leo naandika hapa, mnakosoma wote. Ndugu yangu, kama unasoma: nilikosea. Hukuwa mvivu. Ulikuwa mtu aliyetolewa Misri, na mimi nilikuita kwa jina la matofali.

Nilimtumia ujumbe jana kumweleza habari ya ukumbi wa Jumatano. Akajibu kwa ufupi: "Sawa pasta. Jumatano niko na watoto." Sijui kama hiyo ni ndiyo au ni hapana. Nitapanga viti vitatu zaidi.

Zoezi la wiki hii, wapendwa. Siku yako ya ofu ikifika, iwe Jumapili, Jumatano au siku yoyote zamu iliyokuachia, fanya mambo mawili. Mruhusu mtu mmoja nyumbani mwako apumzike kwa kumpokea kazi yake kwa saa moja. Kisha keti chini na mtu aliyekuwa anakungoja, mcheze mchezo mmoja mpaka mwisho. Usiangalie simu. Ukishindwa, shindwa vizuri.

Tuombe. Baba, wewe uliyepumzika siku ya saba bila kuchoka, utufundishe kupumzika sisi tuliochoka. Mkumbuke anayesoma akiwa njiani kuingia shifti ya usiku. Mkumbuke mke anayefua peke yake, na msichana wa kazi ambaye hajaulizwa kama amechoka. Mfungue aliyefungwa na kamari, mfungue asiyeweza kuinuka mezani. Vijaze vichochoro vya Kitengela na mabonde ya Kajiado sauti za watoto wanaocheza na wazee walioketi kwa amani. Na utusamehe sisi wachungaji tulioshika fimbo ya Farao tukidhani ni ya Musa. Katika jina la Yesu. Amina.

Mungu awabariki. Mtumie ujumbe huu mtu uliyewahi kumwita mvivu. Na kabla hujautuma, anza na neno "nisamehe".